Nani Anajenga Mji, na kwa Ajili ya Nani? Mafunzo ya Historia Kutoka Kilwa na Pwani ya Lindi

Utangulizi

Neno "mwendelezaji" limekuwa la kawaida katika mipango ya miji yetu. Maana yake ni mtu, kampuni au shirika linalopata ardhi, likakusanya mtaji na nguvu za mafundi, kisha likajenga majengo mapya au kufufua yaliyochakaa kwa shabaha ya kuyauza, kuyapangisha au kuyatumia katika biashara. Panapotajwa miji mikongwe ya pwani, ambayo nyumba zake zimebomoka na vijana wake wamehamia kwingine, wengi hudhani kwamba dawa ni moja tu: apatikane mwendelezaji mwenye fedha, na mji utafufuka.

Juu ya jambo hili kuna maoni ya aina mbili. Wapo wanaomwona mwendelezaji kuwa mkombozi, na kwamba kazi ya wananchi na viongozi wao ni kumpisha na kumshukuru. Wapo pia wanaomwona kuwa kupe, wala hawaoni haja ya kuzungumza naye. Maoni yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kutotazama historia. Sisi tunasema kwamba swali la msingi si kama mwendelezaji ni mwema au mbaya wa nafsi yake. Swali ni hili: fedha anazojengea zinatoka wapi, jengo lenyewe litatumiwa na nani kila siku, na mapato yake yatakwenda wapi? Na likiisha kujengwa, nani ataziba ufa utakapotokea?

Hakuna mahali katika nchi yetu panapofaa kuliulizia swali hili kuliko Kilwa na pwani ya Lindi. Kwa muda wa karibu miaka 1,000 pwani hii imejengwa na kuachwa mara nyingi. Wamejenga masultani, matajiri wa misafara, wakoloni wa Kijerumani na wa Kiingereza, na Serikali yetu wenyewe baada ya Uhuru. Magofu waliyoacha ni ushahidi, na kada au mwanafunzi anayetaka kuelewa uhusiano wa majengo na umma hana budi kujifunza kuusoma ushahidi huo.

Mjenzi mmoja, majengo mawili

Tuanze Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14. Mtawala wakati huo alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Utajiri wa Kilwa ulitokana na biashara ya dhahabu iliyotoka bara, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, ikapitia Sofala, na ambayo Kilwa iliishika njia yake. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimsifu Sultani huyu kwa ukarimu wake kwa maskini na wageni. Hapo hapo akaeleza kwamba Sultani alikuwa na desturi ya kuvamia nchi za jirani na kuteka nyara. Kwa hiyo tangu mwanzo tunajua mfuko wa mjenzi ulijazwa na nini: faida ya biashara ya mbali na mali iliyotekwa kwa nguvu. Mkono uliotoa sadaka ndio uliokuwa ukipora.

Kwa mfuko huo Sultani alijenga mambo mawili makubwa. La kwanza ni kasri la Husuni Kubwa, lililosimama nje ya mji, upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea lenye pembe nane, na ua mkubwa uliozungukwa na maghala ya bidhaa. La pili ni upanuzi wa Msikiti Mkuu uliokuwa katikati ya mji. Msikiti huo wa zamani ulikuwa mdogo. Ukaongezwa ukumbi mkubwa wenye matao na makuba, ukawa mkubwa kupita misikiti mingine ya pwani yetu.

Sasa tuangalie majengo hayo mawili yalifikia wapi. Husuni Kubwa haikumalizika. Uchunguzi wa mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960, ulionyesha kwamba kasri lile lilikaliwa kwa muda mfupi tu, kisha likaachwa. Biashara ilipopungua na mtawala mwenyewe alipoondoka duniani, hakuna mtu aliyekuwa na haja nalo. Wananchi wa Kilwa hawakuwa na kazi na vyumba 100 vya mtu mmoja.

Msikiti Mkuu nao ulipata msiba wake: sehemu iliyopanuliwa ilianguka. Lakini haukuachwa. Watu waliendelea kusali pale chini ya vibanda mpaka karne ya 15 ulipojengwa upya, na ukatumika kwa vizazi vingi baadaye. Majengo yote mawili yalikuwa ya matumbawe na chokaa, na yalitoka katika mfuko mmoja na zama moja za ufundi. Tofauti haikuwa katika mawe. Tofauti ilikuwa kwamba jengo moja lilihitajiwa na mtu mmoja na biashara yake, na la pili lilihitajiwa na mji mzima mara tano kwa siku. Jengo ambalo umma unalihitaji hupata mtu wa kulitengeneza hata baada ya mjenzi wake kufa.

Kisa cha Haji Rush

Ujenzi huo mpya wa msikiti una kisa kinachofaa kuzingatiwa na kila anayezungumzia wajibu wa mwenye mali katika kufufua mji. Kisa chenyewe kimo katika Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Inasimuliwa kwamba katika utawala wa Sultani Sulaiman alitokea mtu mcha Mungu na mwenye uwezo, jina lake Haji Rush bin Husain, akaomba ruhusa ya kuujenga upya msikiti kwa mali yake mwenyewe. Sultani akataka kumsaidia kwa mithkali 1,000 za dhahabu. Haji hakupenda, kwa kuwa alitaka kazi ile itoke katika mfuko wake peke yake. Lakini Sultani alishikilia kwamba bila ya kupokea msaada huo ruhusa haitatoka. Haji akaipokea dhahabu, akaiweka kando, akajenga kwa mali yake. Sultani alipofariki, Haji aliirudisha dhahabu yote kwa warithi.

Tunaweza kusema kwamba huyu ndiye mwendelezaji wa kwanza wa Kilwa tunayemjua kwa jina ambaye hakujenga kwa ajili ya mapato yake. Hakujenga nyumba ya kupangisha. Alifufua jengo la watu wote, mahali lilipokuwa, kwa matumizi yale yale ambayo watu walikuwa nayo siku zote. Wala hakuupeleka mji mahali pengine ili apate kiwanja kizuri zaidi.

Hata hivyo tusikitumie kisa hiki kujenga imani kwamba ukarimu wa tajiri unatosha. Mali ya Haji nayo ilikuwa sehemu ya uchumi ule ule wa mji wa wafanyabiashara na watwana wao. Waliovunja matumbawe baharini, wakachoma chokaa na kubeba boriti hawakutajwa kwa majina katika Tarehe ya Kilwa. Isitoshe, mji unaomngoja mtu mwema atokee ndipo utengeneze paa lake ni mji usiojitegemea. Haji Rush alitokea mara moja. Funzo tunalolichukua kwake ni la namna ya kujenga, si la kungojea mjenzi.

Kivinje: mji wa njia ya biashara

Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512 baada ya kuona kwamba faida waliyoitazamia haipo. Huu ni mfano wa awali wa mjenzi wa kigeni anayefungasha mizigo yake mara hesabu zinapokwenda kombo. Kilwa ilipoinuka tena katika karne ya 18, iliinuka juu ya msingi mbaya zaidi. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya miwa na kahawa katika visiwa vya Bahari ya Hindi.

Katika karne ya 19 kiini cha biashara kilihama kutoka kisiwani kwenda bara, Kilwa Kivinje, mahali njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipofika pwani. Hapo zikajengwa nyumba za mawe za matajiri, forodha, misikiti na maduka. Ni mji uliokuwa na sura nzuri, na baadhi ya kuta na milango yake yapo hata leo. Lakini hesabu za forodha za wakati huo zinaonyesha kwamba katika miaka mitano tu, kati ya 1862 na 1867, watumwa karibu 97,000 walisafirishwa kutoka Kilwa. Nyumba za Kivinje zilijengwa kwa ushuru na faida ya binadamu hao. Tunapozungumzia kuhifadhi urithi wa majengo, tusiwasahau waliolipia majengo hayo kwa miili yao.

Wajerumani walipokuja waliendeleza mji kwa namna yao. Mwaka 1888 wananchi wa Kivinje waliwapinga, na maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani wakauawa. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi wa upinzani, alinyongwa pale Kivinje, kwenye mwembe ambao wenyeji waliuita Mwembe Kinyonga. Boma likajengwa. Kodi ikakusanywa. Wakulima wa vilima vya Matumbi, nyuma ya mji huo, wakalazimishwa kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya Ujerumani. Mwezi Julai 1905, huko Nandete, wakulima waling'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Katika wilaya hii, basi, mji wa mkoloni na mashamba ya mkulima ni sura mbili za historia moja. Boma lilikuwa zuri kwa sababu Matumbi ilikuwa na njaa.

Biashara ya utumwa ilipokwisha, misafara ilipokoma, na makao ya wilaya yalipohamishiwa Kilwa Masoko, Kivinje ilibaki na maghorofa yasiyokuwa na kazi. Wavuvi na wakulima waliobaki hawakuwa na mapato ya kutunza majumba yaliyojengwa kwa mapato ya biashara ya bara zima. Ndiyo maana mengi yamebomoka. Si uvivu wa wenyeji, kama wageni wanavyopenda kuandika. Ni mji uliojengwa kwa ajili ya kitu kinachopita njia, na kitu hicho kikaacha kupita.

Mradi wa karanga na miji ya Lindi

Waingereza walirudia kosa hilo hilo kwa mashine kubwa zaidi. Mwaka 1947 walianza mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupata mafuta ya kula kwa ajili ya watu wa Uingereza baada ya vita. Kwa upande wa kusini ilihitajika bandari na reli. Kwanza ikajengwa gati ya muda huko Mkwaya, katika hori ya Lindi, na reli ikaanzia hapo kwenda Nachingwea. Kisha ikaamuliwa kwamba bandari ya kudumu iwe Mtwara, na mji mpya ukapimwa huko. Lindi, iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, ikapoteza cheo hicho na sehemu kubwa ya biashara yake.

Mradi wenyewe ulivunjwa Januari 1951 baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Gati ya maji marefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga iliyokusudiwa kupakiwa pale haikuwapo. Reli ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Wakulima wa Nachingwea na Lindi hawakuulizwa wakati mradi ulipobuniwa, wala hawakuulizwa wakati reli ilipong'olewa. Hapa mwendelezaji hakuwa tajiri mmoja bali shirika la serikali ya kikoloni, lenye wataalamu, ramani na tingatinga. Kwa hiyo tusidhani kwamba jambo likifanywa na shirika la umma basi moja kwa moja ni la umma. Umma upi? Huo ndio mzizi wa swali.

Kutaifisha majumba: tulichopata na tulichokosa

Baada ya Uhuru tulichukua hatua zilizokuwa na shabaha ya kulijibu swali hilo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 ili kujenga nyumba kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Kutwaa Majumba, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya taifa chini ya Msajili wa Majumba. Msingi wa hatua hiyo ulikuwa kukata mirija ya wale walioishi kwa kodi ya nyumba bila kufanya kazi.

Uaminifu wa kinadharia unatudai tuseme pia pale tulipokosea. Kuondoa mwenye nyumba si sawa na kuweka mtunzaji wa nyumba. Kodi iliyotozwa mara nyingi haikutosha kugharimia matengenezo, na uamuzi wa kuziba paa linalovuja ulipaswa kupita katika ngazi nyingi za ofisi. Mpangaji alijiona kuwa mgeni katika mali iliyoitwa yake. Mwaka 1990 kazi za Msajili wa Majumba zilikabidhiwa kwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo baadaye lilianza kufanya kazi kama mwendelezaji wa kibiashara, likiwa na wajibu wa kupata faida pamoja na wajibu wa kujenga nyumba za gharama nafuu. Wajibu hizo mbili huvutana, na upande usiosimamiwa na wananchi ndio unaolegea.

Kosa jingine lilikuwa kubwa zaidi. Katika mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 tulivunja serikali za mitaa, na pamoja nazo mabaraza ya miji. Shabaha ilikuwa kupeleka madaraka karibu na wananchi, lakini kwa upande wa miji yaliyopelekwa mikoani yalikuwa madaraka ya maofisa. Mji ukawa hauna chombo chake cha kusimamia mitaro, masoko, barabara na majengo. Athari zake zilikuwa wazi kiasi kwamba mwaka 1978 mabaraza ya miji yalirudishwa. Haya yalitokea ingawa Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kusema kwamba wananchi lazima washirikishwe katika kufikiri, kupanga na kutekeleza mipango ya maendeleo yao. Nadharia ilikuwa sahihi. Utekelezaji ndio ulioiacha nyuma.

Ukarabati wa Kilwa Kisiwani

Baada ya makosa na mafanikio hayo, tutazame kazi ya ukarabati iliyofanyika Kilwa yenyewe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka na bahari ilikuwa ikila ufuko. Kazi ya kuyaokoa ilifanyika kwa msaada wa Ufaransa na Japani kupitia UNESCO, na baadaye Mfuko wa Dunia wa Makumbusho ya Kale kwa fedha za Marekani. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha ya hatari.

Jambo la kujifunza hapa si wingi wa misaada. Ni namna kazi ilivyofanyika. Kuta za matumbawe haziwezi kutengenezwa kwa saruji, kwa sababu saruji huzuia unyevu na chumvi kutoka, na ukuta huoza kutoka ndani. Inahitajika chokaa, na chokaa inahitaji fundi anayeijua. Wanakijiji walifundishwa, wakafanya kazi kwa mikono yao, na mikoko ikapandwa ufukoni ili kuzuia mmomonyoko. Ujuzi huo ni mali. Mgeni akiondoka na fedha zake, ujuzi ukibaki kijijini, ukuta una mlinzi.

Miji mingine ya pwani imepita njia inayofanana na hiyo. Zanzibar ilianzisha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na katika miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ilifufua jengo la zahanati ya zamani lililojengwa kwa mali ya tajiri Tharia Topan. Kusini mwa Lindi, huko Mikindani, boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid, likawa hoteli na mahali pa kuwafundisha vijana wa mji kazi, kwa shabaha kwamba mapato yasaidie mji wenyewe. Mifano hii inaonyesha kwamba jengo la mnyonyaji linaweza kubadilishwa matumizi likawahudumia wajukuu wa walionyonywa. Inaonyesha pia udhaifu: biashara ya utalii nayo ni kitu kinachopita njia. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha safari duniani, kila mji ulioweka matumaini yake yote kwa mgeni wa ndege ulilitambua jambo hilo.

Kilwa Kisiwani kuna jambo la pekee linalopaswa kukumbukwa wakati wote. Si magofu matupu. Ni kijiji. Watu wanaishi pale, wanavua, wanalima, wanavuka maji kwenda Masoko kutafuta huduma. Ukarabati unaotengeneza nyumba ya sultani aliyekufa huku nyumba ya mvuvi aliye hai ikivuja, au unaomkataza mwanakijiji kujenga chumba kwa ajili ya mwanawe bila kumpa njia nyingine, utakuwa umeihifadhi Husuni Kubwa kwa maana mbaya: makao makubwa ya mtu asiyekuwapo.

Mwendelezaji na umma: masharti

Mambo haya si ya zamani tu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, pwani ya kusini iliacha kuwa kisiwa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kutumika mwaka 2004. Gesi ya kina kirefu cha bahari iligunduliwa kuanzia 2010, na eneo la Likong'o, karibu na mji wa Lindi, likachaguliwa kwa ajili ya kiwanda cha kuisindika. Kilwa Masoko imechaguliwa kuwa mahali pa bandari ya uvuvi. Kila habari ya mradi mkubwa huja na walanguzi wa viwanja. Mkulima huuza eneo lake leo kwa bei ya shamba, na kesho lauzwa kwa bei ya mji. Je, huu utakuwa mji mwingine wa kitu kinachopita njia?

Jibu linategemea masharti tutakayoweka, na nani atayasimamia. Sisi tunapendekeza makada wayapime mapendekezo ya kila mwendelezaji kwa masharti matano.

Kwanza, ardhi. Mwendelezaji apewe haki ya kutumia kwa muda maalumu, na ardhi ibaki mikononi mwa wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wake. Panapotwaliwa ardhi, fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Mkutano unaoitishwa ili kupiga makofi hautimizi sharti hili.

Pili, kazi na ujuzi. Mafundi, vibarua na wanafunzi wa ufundi watoke mahali pale. Mradi unaoleta hata mchanganya chokaa kutoka mbali haufufui mji, unaukodisha.

Tatu, matumizi ya kila siku. Katika kila mradi iwepo sehemu ambayo wenyeji wanaihitaji kwa maisha yao: soko, gati ya wavuvi, kisima, zahanati, darasa, nyumba ya kupanga ambayo mwalimu au mvuvi anaweza kuilipia. Hili ndilo funzo la Msikiti Mkuu.

Nne, mapato na matengenezo. Sehemu ya mapato ibaki katika kijiji au mtaa, na iwekwe wazi hadharani. Kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa ijulikane ni mfuko gani utakaoziba ufa baada ya miaka 20.

Tano, historia yenyewe. Wenyeji wawe wasimulizi wa mji wao. Mgeni anayeonyeshwa milango ya Kivinje aambiwe habari za wale 97,000, na za Makunganya, na za wakulima wa Nandete. Mji unaouza uzuri wake na kuficha jasho lake huwanyonya wahenga mara ya pili.

Masharti haya hayamfukuzi mwendelezaji mwaminifu. Yanamlinda, kwa maana mradi ambao wananchi wanauona kuwa wao hauhitaji ukuta wenye chupa zilizovunjika juu yake. Lakini masharti hayajisimamii. Halmashauri ya kijiji isiyoitisha mikutano, diwani asiyesoma mkataba, kada anayepokea kiwanja ili anyamaze, hawa ndio hufungua mlango. Mabaya mengi tuliyoyaeleza yaliingia kwa mkataba uliotiwa saini na mtu wa hapa hapa. Sultani wa 1776 hakuwa Mfaransa.

Hitimisho

Tumeona wajenzi wa aina nyingi katika pwani hii moja. Waliojenga kwa ajili ya biashara inayopita waliacha magofu, hata walipokuwa na dhahabu, boma au tingatinga. Tulipotaifisha bila kuwapa wananchi usimamizi wa kweli, paa lilivuja vile vile. Palipokuwa na uhai ni pale watu walipolihitaji jengo, walipojua kulitengeneza, na walipokuwa na neno juu yake.

Kwa hiyo mwendelezaji ana nafasi katika kufufua miji yetu, lakini ni nafasi ya mshirika aliyewekewa mipaka. Mwenye mji ni yule atakayebaki pale mshirika akiisha kuondoka. Kazi ya kada katika Kilwa, Kivinje, Masoko au Lindi ni kuhakikisha kwamba mwenye mji huyo anajua yaliyomo katika mkataba, anahudhuria mkutano, na anaweza kusema hapana. Anayetaka kufahamu kwa nini kazi hiyo ni ya lazima, na avuke maji kwenda Kisiwani. Akisimama Msikiti Mkuu, kisha akatembea mpaka Husuni Kubwa, atakuwa amelisoma somo lote kwa miguu yake.